Mtu wa ndizi anayekuna nazi kila Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri, gizani, mlio mmoja unasikika katika chumba cha chini cha nyumba moja ya Agincourt, mashariki mwa jiji la Toronto. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Unanyamaza kidogo, kisha unaanza tena.

Ni mbuzi ya kukunia nazi. Aliyeikalia ni Domina Kemilembe, mwanamke wa miaka 34, khanga kiunoni, sweta mbili mwilini, sinia chini ya miguu. Taa hajaiwasha kwa sababu binti yake, Kokushubira, amelala palepale kwenye kochi. Anakuna kwa kupapasa.

“Meno yake ni makali, siwezi kuipeleka kwa watoto,” ananong’ona. “Kwa hiyo kukuna namaliza nyumbani. Wao kazi yao ni kukamua tui.”

Sakafu ya juu inalia. Bi Kanizfatema, mwenye nyumba, ameshaamka. Ana miaka 71, ni mzaliwa wa Tanga, na sauti yake inashuka kupitia tundu la hewa ya kupashia nyumba joto.

“Mama Koku! Umefika kwenye kifuu! Kuna nyeupe tu!”

“Nimesikia, Bibi!”

“Hujasikia wewe. Mlio umebadilika. Watu wa ndizi nyie, nazi nani aliwapa?”

Domina anaziba mdomo kwa ncha ya khanga asije akamwamsha mtoto kwa kicheko. Ni kweli, yeye ni mtu wa Bukoba. Nazi amejifunzia hapa hapa, kwenye baridi, akifundishwa na bibi wa Kihindi aliyeondoka Tanga mwaka 1974.

Leo ni Jumamosi ya Novemba 2013. Saa tano asubuhi watoto kumi na saba watakuwa wakimsubiri katika ukumbi ulio mitaa mitatu kutoka hapa, wacheze kwa Kiswahili. Mmoja wao ni Koku mwenyewe, miaka mitano, ambaye kwa karibu mwaka mzima hajatamka sentensi iliyokamilika.

Domina alifika Kanada mwaka 2007, akimfuata mumewe, Gelasius, dereva wa lori. Jumatatu hadi Ijumaa anapanga biskuti kwenye maboksi katika kiwanda kimoja cha Downsview, kwa dola kumi na robo kwa saa, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Jumanne na Alhamisi jioni anasoma kozi ya malezi ya watoto wadogo, na sare ya kiwandani ikiwa bado mwilini.

Kwa kuwa Gelasius ni mtu wa Songea, lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili. Koku alianza kuongea mapema. Alikuwa mtoto wa kusimulia: paka wa jirani, theluji, ndoto za baba yake ambazo baba mwenyewe hakuziota.

Halafu mwaka 2012 akaanza chekechea. Mwalimu mmoja akamshauri Domina aache Kiswahili nyumbani, maana lugha mbili zingemchanganya mtoto.

“Niliambiwa kwa upole, nami nikatii kwa upole,” anasema. “Lakini Kiingereza changu ni cha kiwandani. Haraka. Angalia kidole. Boksi limejaa, sogeza. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Maneno ya kumbembeleza mtoto sikuwa nayo. Fikiria, mtoto anaumwa tumbo, mimi namwambia maneno ya kwenye mashine.”

Koku akaanza kupunguza maneno. Baadaye akawa ananyoosha kidole tu. Ilipofika Krismasi alikuwa kimya kwa lugha zote mbili.

“Nyumba ilikuwa kama ya watu waliogombana,” anasema Gelasius, “na hakuna anayekumbuka ugomvi ulianzia wapi.”

Februari wakampeleka kwa wataalamu. Masikio yakapimwa, yako sawa. Mtoto alielewa kila alichoambiwa. Mwishoni mtaalamu akamuuliza Domina, usiku anamwimbia binti yake kwa lugha gani. Domina akajibu kwamba ameacha kuimba.

“Akaniambia, basi mama, mrudie mtoto wako kwa lugha yako. Nililia njia nzima kwenye basi. Mzee mmoja akanipa kitambaa, akidhani nimefiwa. Ningemwelezaje kwamba nimetuliwa mzigo?”

Kiswahili kikarudi nyumbani, na nyimbo zikarudi, lakini sauti ya Koku haikurudi nazo. Alipata neno mojamoja: maji, hapana, bado.

Siku hizo Domina alikuwa na kibarua cha kusafisha ule ukumbi kila Jumamosi. Asubuhi ulitumiwa na Bi Viorica, mwanamke wa Kiromania anayewakusanya watoto wa kwao wasipoteze lugha. Domina alikuwa akipiga deki kwenye korido huku akichungulia. Aliwaona watoto wakijenga nyumba za maboksi, wakikanda unga, wakinyang’anyana midoli na kutupiana maneno kwa Kiromania.

“Kilichonishika ni ule ugomvi,” anasema. “Hakuna aliyewalazimisha kugombana kwa lugha ya nyumbani. Ilitoka yenyewe.”

Akamwomba Bi Viorica chumba kikishabaki wazi. Akapewa muda wa saa mbili, kuanzia saa tano.

Mwezi huo wa kwanza Domina aliuharibu, na anausimulia akicheka. Alitundika ubao. Akapanga viti mistari minne. Akatafuta fimbo ya kuonyeshea herufi, akawasimamisha watoto waseme “Shikamoo mwalimu” kwa pamoja, kisha ba, be, bi, bo, bu. Ndivyo alivyofundishwa Bukoba, na hakujua namna nyingine.

Bi Viorica alichungulia mlangoni, akamwita pembeni. “Domina,” akauliza, “hawa watoto wamekosa nini?”

Kufikia Jumamosi ya tatu, kati ya watoto kumi na wawili walibaki wanne. “Na mmoja ni wangu,” anasema, “hakuwa na pa kukimbilia.”

Ni Bi Kanizfatema aliyemwokoa. Alimsikia akilalamika, akapanda kwake, akashuka na mbuzi iliyovuka naye bahari ndani ya sanduku na kugeuka kigoda cha kuvalia viatu.

“Mimi Kiswahili sikufundishwa na mtu,” anasema bibi huyo. “Nilikaa jikoni kwa jirani. Watoto waache wapike, mdomo utafuata mkono.”

Ubao ukateremshwa. Sasa katikati ya chumba kuna nyumba ya maboksi yenye mlango mmoja, na ndani yake sufuria, vifuu na sinia la nazi. Kila Jumamosi mtoto mmoja huwa mwenye nyumba. Wengine wanakamua tui, wanapaka machicha puani, wanagombania kawa ya kufunikia chakula. Mtoto wa Kenya na mtoto wa Kongo wanabishana kila mmoja kwa Kiswahili cha kwao, na Domina hamsahihishi yeyote.

Kisha mgeni hubisha hodi. Mgeni ni Bi Kanizfatema, na mwenye nyumba ndiye wa kumkaribisha.

Zamu ya Koku ilishapita mara mbili. Mara zote mbili Azmina, mjukuu wa Bi Kanizfatema, miaka sita na mdomo wa watu watatu, alimjibia. “Koku anasema karibu! Koku anasema kaa hapa!” Koku alikuwa akitikisa kichwa tu, ameridhika.

Jana Domina alimwita Azmina. “Kesho humjibii mwenzio, sawa?”

“Hata kidogo, Anti?”

“Hata kidogo.”

“Na akinyamaza?”



Juni ijayo atapata cheti chake. Brampton, magharibi mwa jiji, kuna familia nyingi za Afrika Mashariki zinazopanga vyumba vya chini kama yeye, na tayari mama tisa wamempigia simu. Anataka kuwafungulia kundi la Jumapili, na baadaye, akijaliwa, aache biskuti kabisa.

“Lakini kwanza huyu wangu,” anasema, akimfunga Koku zipu ya koti.

Saa sita na robo, ndani ya nyumba ya maboksi, Koku amechuchumaa mbele ya sufuria. Mikono yake ni myeupe kwa tui hadi kwenye viwiko. Bi Kanizfatema yuko nje koridoni, nyuma ya mlango wa chumba, na fimbo yake ya kutembelea. Asubuhi Domina alimsihi asubiri hata kama mtoto atachelewa. Bibi akakataa.

“Hodi ni tatu. Kama hakuna wa kuitikia, mgeni anaondoka. Ndivyo nilivyolelewa, sitamdanganya mtoto.”

“Hodi!”

Azmina ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

“Hodi hapa!”

Koku anamtazama mama yake. Domina anatazama sakafu.

“Hodi jamani, wenyewe wapo?”

Kawa inaanguka, hakuna anayeiokota. Kisha fimbo inasikika koridoni, ko, ko, ko, ikielekea ngazini. Bibi anaondoka kweli.

Koku anasimama. Anapita katikati ya wenzake, anaparamia sinia, anauvuta mlango kwa mikono inayochuruzika tui, na sauti yake inaifuata fimbo mpaka mwisho wa korido:

“Bibi, rudi, chakula kimeiva!”