Miezi Niliyoongezewa Katika Nguo Nyeusi

Radio ilisema nchi yetu inazungumza ili itoke katika ule muungano wa biashara. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, na nguo nyeusi ya mjane, na mazungumzo yao yakanikalisha pale miezi mitano ya bure. Leo nimekuwa koko, bibi mzee, meno yamebaki machache, lakini hasira ile ingali nzima. Majina ya wote waliokuwapo ninayo kichwani, hata la mbwa wa mwenye duka. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zao ni majirani zangu.

Mume wangu alikuwa mbeba mizigo bandarini. Homa ilimchukua kwa siku nne, akaniachia watoto watatu. Kwetu mjane alikaa na nyeusi mwaka mzima. Hashiki mkono wa mtu, hachezi ngoma, haendi sokoni kuuza. Nami niliishi kwa kuuza samaki wa moshi! Nani angenunua samaki kwenye mkono wa mwenye kilio? Mwaka ule tulikula sombe, majani ya muhogo, ya mama mkwe wangu, mke wa mvuvi wa kwenye maporomoko. Alitugawia kidogo chake bila kununa, ingawa naye alikuwa na midomo mingi nyumbani, na samaki wote wa mumewe waliuzwa ili kuilisha.

Mwaka ulipotimia, familia ya mume ilipaswa kunivua nyeusi. Siku hiyo ndugu wote, wa kwao na wa kwetu, huvaa kikwembe, yaani kitenge, kimoja, kipya, cha rangi moja. Asiyevaa kama wengine, watu wanaanza kunong'ona kwamba huyo ndiye aliyemla marehemu kwa uchawi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alichagua kikwembe cha bluu chenye maua, kile kilichotoka ng'ambo ya mto Ubangi, kwa wenzetu wa muungano ule, akaenda kwa mwenye duka mmoja wa mtaa wa Makiso.

Vikwembe vilikuwepo. Shemeji aliviona kwa macho yake ndani ya depo, vimepangwa mpaka juu. Mwenye duka akakataa kuuza.

"Papa, tuuzie. Mwanamuke wa mudogo yangu anangoja kutoka kilio."

"Ngoja kwanza. Nchi ikitoka kwa ule muungano, watu wa ushuru watabadilisha yote. Nikimaliza hivi, nitapata wapi vingine?"

"Na kama nchi inabaki?"

"Bon, ikibaki utarudi."

Akarudi. Radio ikasema tunatoka. Wiki iliyofuata, wajumbe wamepanda ndege kwenda kuzungumza. Kisha mazungumzo yanaendelea vizuri. Vizuri kwa nani, hawakusema. Kisha tunatoka, lakini bado kidogo. Na kila radio ilipofungua kinywa, yule papa alifunga depo.

Nilimwambia shemeji, "Nivueni na kitambaa chochote, hata magunia."

"Batu batatucheka," akasema. "Watasema mudogo yangu hakuwa na familia."

Wacheke! Mtoto wangu wa mwisho nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Kila mama wa Kisangani alijua maana ya nywele nyekundu kwenye kichwa cha mtoto asiyeonja samaki. Nilimtazama pale mlangoni, amekaa tu, hachezi, halii. Nikawaza wale wakubwa walioketi kwenye viti vyao mahali fulani, wanakunywa maji ya baridi, wanaahirisha mpaka mwezi ujao. Wangejua kwamba mwezi wao ujao unakaa kwenye nywele za mwanangu? Nadhani hata wangejua wangeahirisha.

Ndipo chama, kile kimoja tulichokuwa nacho wote tupende tusipende, kikatangaza maandamano ya kushangilia kwamba tunatoka. Lori likapita kugawa vikwembe vya bure, vya kijani, vimejaa picha za mwenge, alama ya chama. Kila mtu wa avenue yetu, barabara nzima, akapewa chake ili aende kucheza. Walicheza mpaka jasho likawatiririka, na wengi hawakujua tunatoka wapi.

Jioni ile shemeji alikuja anatabasamu.

"Nguo iko! Mupya, rangi moja, na familia yote inayo. Jumapili tunakutoa."

Nilisimama. Mjane hasimami mbele ya shemeji yake hivyo, lakini nilisimama.

"Wamenifunga ndani miezi mitano kwa kutoka kwao, na sasa nitoke na nguo ya kuwashangilia? Afadhali nizikwe na hii nyeusi!"

"Alors, kaa nayo! Na mutoto?"

Hapo alinishinda, na alijua. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anachambua sombe.

Jumapili nililetwa uani, nikaogeshwa, nyeusi ikaondolewa. Nilipoinua macho nilimwona mama mkwe anatoka nyumbani amevaa kile kikwembe nje ndani. Kilikuwa kitambaa cha hovyo, kimechapwa upande mmoja tu, kwa hiyo mienge ilionekana kwa mbali kama uchafu uliokataa kutoka. Akanifunga changu vilevile. Wanawake wakatazamana, mmoja akaingia ndani kugeuza chake, kisha wote. Shemeji alishika kichwa.

Hatukumaliza hata wimbo wa kwanza, mkubwa wa chama wa avenue yetu akaingia.

"Citoyenne, mbona munaficha mwenge?"

Mama mkwe akamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Bankambo, bazee betu ba zamani, banasema hivi, papa. Siku ya kutoka kilio, mwanamuke anageuza nguo, kifo kisimujue tena. Radio kila siku inasema turudi kwa mambo ya bankambo. Ao radio inadanganya?"

Yule bwana akaketi, akapewa lotoko, pombe yetu kali, akanywa.

Desturi hiyo haikuwepo. Mama mkwe aliitunga pale pale. Kesho yake nilirudi sokoni na samaki aliowatoa yeye kwa mkopo, nimlipe nikishauza. Nywele za mwanangu zilirudia weusi wake, polepole. Kama nchi ilitoka kweli, na siku gani, hakuna aliyekuja kuniambia.

Juzi nilikwenda kumvua nyeusi mjane mmoja hapa jirani. Binti mdogo akanishika begani.

"Koko, umekosea. Geuza nguo, ni desturi ya bankambo."

Nilimfokea mpaka akalia. Kisha nikaingia ndani, nikaigeuza.