Vichwa Saba Chini ya Turubai

Mbele alikaa baba yangu Lado, dereva, na utingo wake Elizeo, jirani yetu. Nyuma ya lori alikuwako Haboba Yunia, bibi yetu mzaa baba, mama yetu Rejina, shangazi Sarafina, dada yake baba, ambaye alikuwa hajaolewa, kaka zangu Wani na Pitia, mimi Poni, na mdogo wangu Keji, kitinda mimba, ambaye akichoka bado alibebwa mgongoni.

Nawataja hivi kwa sababu ya jambo la Jumamosi iliyopita, hapa kwetu Gudele. Wajukuu walikuwa wanapanda gari twende Nimule kuona wanyama. Mkwe wangu, Mkenya, mtu mwema kabisa, akawanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu, mpaka mwisho. "Wako wote, Mama. Twende!" Nikasema sipandi mpaka waitwe majina. Watoto wakacheka. Siwalaumu, hawalijui lile lori.

Nilipokuwa mtoto, vita vya kwetu vilitufanya wakimbizi Uganda. Baba alipeleka saruji kwenye mbuga ya wanyama, walikokuwa wanajenga nyumba za wafanyakazi, na Jumatatu ya Pasaka bwana wake akamruhusu apakie familia. Mama alichemsha viazi vitamu tangu alfajiri, akasaga na simsim ya kuchovya. Sarafina alivaa gauni lake la kanisani. Haboba peke yake ndiye aliyenung'unika: "Wanyama tuliowakimbia porini tukija huku, ndio leo tunakwenda kuwasalimia?"

Lakini alipanda. Na kabla lori halijaondoka aliita. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu tulipovuka mpaka: anaita jina, mtu anajibu "Niko," ndipo safari inaanza. Alikuwa akisema, "Mbuzi ndio wanaohesabiwa. Mtu anaitwa."

Asubuhi hiyo tuliwakuta tembo kando ya barabara. Mpaka leo nasikia masikio yao yakipiga kama mikeka inayokung'utwa vumbi. Pitia alipiga mbinja, sisi wengine tukapiga makofi, na Haboba akatuambia tuache utoto. Tulikula viazi kwenye zile nyumba za wafanyakazi, tukicheza juu ya rundo la mchanga.

Halafu mvua. Ilikuja mara moja, kila mtu akakimbilia lori, Elizeo akatufunika turubai. Haboba akafungua kinywa aite. Mimi nilikuwa darasa la pili, hesabu zimenikaa kichwani kama maji mapya mtungini. Nikamkata: "Haboba, hayo ni ya zamani. Shuleni tunahesabu!"

Baba akacheka kule mbele. "Mama, mwachie mwalimu afanye kazi yake. Mvua hii!"

Nikapapasa vichwa katika giza la turubai. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, na mimi saba. "Wametimia!" nikapiga kelele. Lori likaondoka.

Tulipofika getini, sauti ndogo ikasema, "Mimi iko nashuka hapa."

Mama akafunua turubai. Alikuwa mtoto wa mlinzi wa geti. Elizeo alimpandisha kule kwenye nyumba ili amshushe kwa baba yake, na kwa haraka ya mvua hakutuambia. Tulimtazama yule mtoto, kisha Haboba akaita, polepole, "Keji?"

Mama akaanza kugonga bati la mbele kwa ngumi.

Baba aligeuza lori karibu alitumbukize mtaroni. Hatukwenda mbali. Wale tembo sasa walikuwa wamesimama katikati ya barabara. Baba akazima injini. Kupiga honi hakuthubutu. Mama alitaka kushuka aende kwa miguu, Wani na Sarafina wakamshika nguo. Asubuhi tuliwapigia makofi. Sasa tuliwabembeleza kama watu wanaoomba kibali serikalini. Sijui tulikaa muda gani. Nilijaribu kuhesabu, nikaona namba zimeniisha.

Walipopita tukarudi kwenye zile nyumba, tukamkuta Keji stoo, amekaa juu ya mifuko ya saruji, nywele nyeupe kama za kizee, anatafuna ganda la kiazi. Mama alimpiga kofi na kumkumbatia kwa mkono uleule.

Nikamuuliza, "Keji, hukusikia lori?"

"Nilisikia. Nilikuwa nangoja Haboba aniite."

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Baba hakuniita mwalimu tena. Haboba, tulipofika nyumbani, alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo mwenye kuita ni mimi. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini kazi hiyo sijaiacha.

Sasa wengi wa lori lile wamelala, wengine udongo wa Uganda, wengine wa hapa. Keji aliolewa Khartoum. Tangu vita vya kule vianze, simu yake haipiti.

Jumamosi ile niliwaita wajukuu mmoja mmoja, wakajibu kwa mzaha, "Niko, Haboba!" Kisha jina moja likanitoka mwishoni bila mimi kulituma. Mkwe wangu akaniuliza, "Mama, Keji ni nani?"

Ndiyo maana nimeandika. Mliokuwa nasi kule ukimbizini, kama nimekosea mahali, kama kuna mtu wa lori lile nimemsahau, nisahihisheni, sitakasirika. Na yeyote atakayemwona Keji binti Lado, Khartoum au kambi yoyote, asimweleze mengi. Anajua kungoja. Mwambieni Poni anaita.