Gumba Lilipoishia

Machimboni walimwita Shangazi Dazeni. Ushangazi ulitokana na umri wake. Udazeni ulitokana na vidole vyake. Bibi yake, aliyeishi kwa kuuza mayai kwa dazeni, alimfundisha kuhesabu kwa kugusisha gumba kwenye pingili za vidole vinne: pingili tatu kila kidole, toka shinani hadi nchani, kuanzia kidole cha shahada; kumi na mbili mkono mzima. Mkono ukijaa, anakunja kidole kimoja cha kushoto, anaanza upya.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mdogo wake, fundi baruti, alitoboa mwamba kwa safu za mashimo matatu matatu, akatia baruti, akawasha tambi za urefu tofauti ili milipuko ifuatane. Kisha wote walijibanza nyuma ya ukuta wa zege, Shangazi akihesabu milipuko. Hakuhitaji hata kuambiwa safu ni ngapi. Dazeni hugawanyika kwa tatu bila baki, kwa hiyo zile zilizokwisha kujaa hazikuwa na neno. Alitazama gumba lilipoishia tu. Likiwa kwenye ncha ya kidole, kidole chochote, salama. Likiishia chini ya ncha, kuna shimo halijalipuka.

Siku hiyo liliishia pingili ya kati ya kidole cha pete.

Akaliacha gumba palepale.

"Tayari," mdogo wake akasema, akijikung'uta vumbi. "Yote thelathini na matatu. Twendeni."

"Usitoke!"

"Dada, nimehesabu mwenyewe."

"Mimi nina dazeni mbili na nane. Limebaki moja."

"Mawili yamelia pamoja, basi. Mwangwi umekuchanganya."

Huenda. Hapo ndipo hofu ilipomkaba, kwa maana kweli kulikuwa na mshindo mmoja mnene kuliko mingine. Akamfikiria wifi yake nyumbani, tumbo limefika kidevuni, akimsubiri mumewe. Akamshika ndugu yake ukosi wa shati, kama mama amshikavyo mtoto mtundu kando ya barabara.

"Shangazi, una hakika?" msimamizi wa machimbo, aliyejibanza nao, akauliza.

"Sina. Ndiyo maana naogopa."

Msimamizi akamtazama, akaketi chini. "Basi tunangoja."

Walingoja mpaka vumbi likatua lote na jua likawachoma visogo. Hakuna aliyetania. Kisha fundi akatoka peke yake, maana kukagua ilikuwa kazi yake. Shangazi akachungulia kwenye ufa wa ukuta. Akamwona akipita safu moja, nyingine, nyingine, akiinama. Kwenye safu ya mwisho akasimama. Hakugeuka. Akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, mkono mmoja juu, kama mtu aliyekuta chui amelala.

Maji yalikuwa yamevujia shimoni. Utambi ulikuwa umeungua nusu, ukazimika. Walitega baruti nyingine ubavuni mwa shimo hilo, wakalilipua. Mawe yakagonga ukuta kama mvua.

Fundi hakumshukuru. Alikwenda kutapika nyuma ya lori, akarudi uso umempauka, akamfokea kila mtu mpaka jioni. Shangazi alimwacha; alijua hofu huazima nguo za hasira.

Aliendelea na kazi ile kwa miaka mingi baada ya hapo. Lakini hakuizoea tena. Mlipuko wa mwisho ukishalia, alikawia kidogo kabla ya kushusha macho kutazama gumba.