Paswedi Aliyoisahau Mume Wangu

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje, maana Kibondo tunajuana na mume wangu naye anafuatilia ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja. Ni mke wa ndoa, ila huu ni mwezi wa nne niko Makere kwa mama yangu, nalala kwenye kitanda nilichokiacha nikiwa msichana. Nimekiandika kisa hiki mara tatu na kukifuta. Leo nakituma kilivyo, kwa sababu wakwe zangu wanarudi Jumamosi kufuata jibu.

Mimi nilisomea mambo ya kompyuta na mitandao chuo cha ufundi. Mume wangu ana duka la steshenari Kibondo mjini, na miaka mitatu iliyopita, ndoa yetu ikiwa bado changa, aliamua tuweke intaneti ili watu waje kutuma maombi ya kazi na ya vyuo. Dishi la juu ya bati nililifunga mimi, nimevaa suruali yake, majirani wamesimama barabarani wananishangaa. Waya nikautandaza mimi, na ule wa kuzuia radi nikauchimbia ardhini, maana radi za kwetu hazina utani. Kisha nikaitoa ruta, ile mashine ya kusambaza intaneti, kwenye boksi, nikaiunganisha na kompyuta, nikaanza kuipangilia. Kwa wasiojua, ruta ikitoka kiwandani inakuja na jina la kuingilia na paswedi ambavyo kila fundi anavijua. Jina lenyewe ni admin, kama tunavyokuita wewe. Ukiiacha hivyo, mtu yeyote anaingia na kuvuruga. Kwa hiyo kitu cha kwanza unabadilisha paswedi. Siyo ile wanayopewa wateja, ni ya kuingilia ndani ya mashine yenyewe.

Nikamuuliza, "Tuweke nini?" Akasema, "Weka chochote, wewe ndiye fundi." Nikaweka maneno aliyoniambia yeye mwenyewe pale stendi ya Kasulu, siku aliyoniomba nimkubali. Sitayaandika hapa, mko maelfu. Ni maneno matatu tu ya mapenzi. Nilipomtajia alicheka mpaka akainamia kaunta, akasema, "Hiyo hata nikifa siisahau." Basi sikuiandika popote. Hapo nilikosea, fundi gani haandiki paswedi?

Duka likachangamka. Walimu, manesi, wafanyakazi wa ofisini waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, wote wakawa wetu. Shida ilianza pale walipokuwa wakiingia na kumpita mume wangu kaunta, wanauliza, "Fundi yupo?" Siku moja mwalimu mmoja akamtania, "Shikamoo mume wa fundi." Alicheka mbele ya watu, lakini nyumbani hakula. Kuanzia hapo kila nililofanya likawa kosa. Nikirekebisha printa, najionyesha. Nikimwelekeza mteja, namdharau yeye. Mwisho akaniambia, "Nenda kwenu ukapumzike kidogo, duka nitaliendesha. Kwani mashine si imeshafungwa?" Nikabeba begi nikidhani ni wiki mbili. Tangu siku hiyo hajanipigia simu hata mara moja, na inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Jumapili iliyopita gari likasimama mbele ya nyumba ya mama. Akashuka baba mkwe wangu na mdogo wake, wamevaa makoti, wamebeba kreti ya soda. Wakatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" Mama alifurahi kama mtoto, na mimi nikakimbilia ndani kubadili nguo. Kwetu wazee hawaji na makoti na soda kutembea tu, wanakuja kumrudisha mke. Mama alichinja jogoo wake pekee. Nilisonga ugali wa muhogo, na begi, msinicheke, nilikuwa nimeshalipanga.

Walipokwisha kunawa, baba mkwe akakohoa.

"Binti yangu, tumetumwa na mumeo."

"Ndiyo, baba."

"Watu wa intaneti wamebadilisha namba zao, sasa lazima ziandikwe upya ndani ya ile mashine. Wiki ya pili hii duka halina mtandao. Tumeita fundi wa Kasulu, anasema bila paswedi itabidi afute kila kitu, na hajui wewe ulivyopanga. Sasa mumeo anaiomba hiyo paswedi."

Akatoa daftari na kalamu. Nikasubiri afike kwenye la kunirudisha. Mama ndiye aliyeuliza, "Na mke wake je?"

Yule mdogo mtu akaangalia mlango. "Hayo ni yao wenyewe, mkwe. Sisi tumetumwa hilo moja."

Mnielewe. Hata kama ningetaka kuwapa, maneno kama yale utamtajiaje baba mkwe wako, naye anaandika herufi moja moja huku anakuuliza umesema nini? Nikawaambia nimesahau, wanipe mpaka Jumamosi. Nilidanganya. Mzee alifunga daftari lake taratibu, akashukuru kwa chakula, na roho iliniuma kwa sababu yeye hana kosa.

Sasa mama anasema nimwandikie kwenye karatasi yaishe, asije akasemwa kwamba amezaa binti mwenye roho mbaya. Mimi mwenyewe nikiwafikiria watoto wa watu wanaoshindwa kutuma maombi ya chuo, nalegea. Halafu nakumbuka kitu kimoja na hasira inapanda upya. Paswedi anaijua. Ilitoka mdomoni mwake. Mtu aliyesema hata akifa hataisahau ametuma wazee wawili na kreti ya soda, waje kuniuliza mimi kile alichoniambia yeye.

Nishaurini ndugu zangu, akili yangu imegota. Niyaandike yale maneno matatu kwenye daftari la baba mkwe, au nimwache mume wangu akae mbele ya ile mashine, ajaribu mwenyewe kukumbuka alinipendaje?