Patasi Fupi Kuliko Zote

Patasi zangu za kwanza zilikuwa nane, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kuonyesha ndani. Mipini yake ilikuwa myekundu na kila mmoja ulizungushiwa ukanda mweusi. Nilizinunua Migori mjini Jumamosi asubuhi, nikaliweka sanduku mbele yangu juu ya tangi la pikipiki na kuendesha polepole kama mtu aliyebeba keki ya arusi.

Jirani yangu ni fundi mbao, na wakati huo alikuwa akinifundisha kazi hiyo mwisho wa wiki. Alifungua kifuniko, akatazama, akakifunga, akanirudishia sanduku bila kugusa hata patasi moja.

"Zinang'aa," akasema.

Nilidhani amenisifu.

Patasi nilizihitaji kwa sababu ya mlango mmoja. Nilikuwa najiandaa kuhama boma la marehemu baba na kuanzisha langu. Kwetu Wajaluo hilo si jambo la kuita gari na kupakia vitanda. Mwanamume huondoka alfajiri na shoka, mwanawe wa kwanza amebeba jogoo, mkewe amebeba moto, na mtu wa upande wa baba ndiye anayewaingiza kwenye uwanja mpya. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, na usiku wake mume na mke hulala ndani. Siku hizi huwa ya mabati, ile ya kudumu ije baadaye. Lakini hata ya mabati haina maana kama haina mlango wa kufunga.

Wengi hununua mlango Oyugis ukiwa tayari, wakaupigilia, wakamaliza. Mimi sikutaka. Juu ya dari ya jikoni kwa mama kulikuwa na mbao za ober, mti wetu mgumu, ambazo baba alipasulisha kabla hajafa. Alisema ni za mlango. Hakusema wa nani. Nilikuwa nimezitazama miaka mingi, na nilitaka siku ya kuingia bomani nipite kwenye mlango uliotoka katika mbao zile na mikono hii.

Aliyepaswa kutuingiza ni baba mdogo, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Nilipomweleza mpango wangu alifikiri kidogo, akatoa hukumu.

"Mbao zikate, zipige randa utakavyo. Lakini mlango uliokwisha kuungwa kabla hatujakanyaga uwanja, huo ni mlango wa boma la watu wengine. Utauunga siku hiyo, hapo hapo."

"Sawa, baba."

"Na mimi nitabeba mlango wa dukani kwenye pikapu. Wa akiba. Siwezi kumlaza mke wako nyuma ya gunia kwa sababu mume wake anasoma habari kwenye redio."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: kuunga fremu, kuunga mlango, kukata mahali pa bawaba na tundu la kitasa, kati ya alfajiri na magharibi, katika ober. Nikishindwa, mlango wa akiba ungeingia, na mbao za baba zingerudi darini.

Nilianza kufanya mazoezi kwenye kipande kilichobaki. Patasi ya kwanza ya mpini mwekundu niliiweka juu ya ober, nikaipiga kwa nyundo ya mti, na makali yakajikunja kama kizibo cha soda. Ya pili ilikuwa ngumu kupita kiasi, ikamegeka pembe. Nilizijaribu zote nane kwa utaratibu. Mke wangu alikuwa akichambua mboga karibu, akisikiliza kila nyundo inapotua na kila ninapoguna.

"Baba watoto," akasema mwishowe, "wewe ulichagua rangi."

Basi nikarudi kwenye kazi ninayoijua, ya kuuliza watu maswali. Kila nilipotumwa kutafuta habari, Uriri, Rongo, Oyugis, nilipita kwenye karakana zilizo kando ya barabara na kuuliza patasi nzuri ni ipi. Kila fundi alinijibu kwa uhakika na hakuna wawili walioafikiana. Mmoja alinisifia ile aliyotaka kuniuzia. Mwingine alinisifia ile ambayo hajawahi kuwa nayo. Kazi ya redio imenifunza kwamba mtu akiulizwa kizuri ni kipi, husema anachotamani. Ukitaka kujua anachotumia, mtazame mikono.

Niliwatazama. Siku moja Oyugis, nyuma ya soko, nilisimama karibu na fundi aliyekuwa akiunga kitanda. Alipekua sanduku lililojaa patasi ndefu, nzuri, akazisukuma pembeni zote, akatoa kijipatasi kifupi kisichozidi kidole.

"Mbona unatumia hiyo iliyokwisha?" nikamuuliza.

"Haijaisha. Imefanya kazi."

Nikaelewa hapo nilipokuwa nimesimama. Patasi hupungua kwa kunolewa, na hakuna anayenoa asichotumia. Zile ndefu sandukuni zilikuwa ndefu kwa sababu hakuna anayezitaka. Tangu siku hiyo niliacha swali langu la zamani. Nikiingia karakana nilisalimia, kisha nikasema, "Fundi, nionyeshe patasi yako fupi kuliko zote."

Mafundi walicheka, lakini walinionyesha. Nikaanza kuona zinavyofanana. Chuma chake hakikuwa na mng'aro wa kijiko kipya, kilikuwa cha kijivu, kimetulia. Mipini ilikuwa ya mbao, na juu yake pete ya chuma ya kuzuia mti usipasuke unapogongwa. Hakuna aliyekuwa na nane fupi. Kila mmoja alikuwa na tatu: nyembamba, ya kati na pana. Nilipouliza zilinunuliwa wapi, wengi walielekeza kidole upande wa ziwa. Homa Bay, walisema, duka la mama mmoja, nyuma ya soko, usitafute bango.

Tulikwenda na mke wangu. Alisema anakuja kuhakikisha sichagui rangi tena.

Mwenye duka alikuwa mama wa umri wangu, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Za boksi ama za kuchagua?" akaniuliza.

"Za kuchagua, mama."

Alizama chini ya kaunta, akatoka na kreti ya patasi, moja moja, zimefungwa karatasi ya mafuta. Nilizifungua zote nikazipanga. Nilitoa rula ya chuma, nikaiegemeza kwenye mgongo wa kila patasi, ule upande usio na mteremko, nikainua kuelekea mwanga wa mlango. Patasi moja pana ilipitisha mwanga katikati.

"Hii ina tumbo," nikasema, nikaiweka kando. Mgongo usionyooka hauwezi kukata ukuta wa tundu ulionyooka, hata ukiunoa mpaka Krismasi.

Kisha nikatoa mfukoni mwa shati kipande cha ober.

"Baba, hiyo ni nini?" mama akauliza.

"Ubao. Nataka kujaribu."

"Umekuja na ubao wako dukani kwangu?"

"Mama, msamehe," mke wangu akaingilia. "Huo ubao hata kanisani anakwenda nao."

Mama akacheka mpaka miwani ikagonga kaunta. Akanisukumia jiwe la kunoa na chupa ya mafuta. "Noa kwanza. Hata kisu kipya hakiingii kwa samaki kabla ya kunolewa. Na ukivunja, umenunua."

Nilinoa ya kati, taratibu, nikasukuma kwa mkono kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi za mti zinapoishia na patasi mbaya husaga badala ya kukata. Ikatoka ganda moja jembamba, likajikunja, likaanguka juu ya kaunta likiwa zima. Nikatazama makali. Yalikuwa kama yalivyokuwa.

Mke wangu naye alikuwa na kipimo chake. Alichukua patasi moja moja, akaniwekea mpini kiganjani na kunifunga vidole. Mbili alizirudisha. "Hii utaishika kwa hasira," alisema. Ya tatu akaiacha. "Hii inakujaa."

Tulifanya hivyo kwa kila upana, tukaondoka na tatu: nyembamba, ya kati na pana.

"Umechagua kama fundi," mama akaniambia.

"Usimwambie hivyo," mke wangu akasema. "Tutalala njaa akisimulia."

Sikuanza kusimulia mpaka tulipofika nje.

Siku ilipofika tuliingia uwanjani kabla jua halijatoka, jogoo akilalamika mikononi mwa mwanangu, baba mdogo mbele. Mafundi wa mabati walianza kazi yao nami yangu. Jirani yangu alikuja kunishikia mbao, lakini tulikubaliana hatashika patasi. Baba mdogo aliketi nyuma ya pikapu, juu ya mlango wake wa akiba uliofunikwa turubai.

"Wuod owadwa!" aliniita. Ndivyo tunavyomwita mtoto wa ndugu. "Redio inasemaje? Mlango utafika sasa, ama baada ya matangazo?"

"Baada ya matangazo, baba."

"Mwambie mtangazaji jua halina matangazo."

Patasi ya kati ilitoboa matundu ya fremu, na ndimi za mbao zikaingia kwa kugongwa kidogo, kila moja mahali pake. Ile pana ilikata mahali pa kulaza bawaba. Mchana fremu ilikuwa imesimama na mlango umeungwa. Mabati yalikwisha, paa likakaa. Kilichobaki ni tundu la kitasa.

Hapo nikakutana na fundo. Lilijificha ndani ya ubao, gumu kama jino, na patasi nyembamba ikasimama. Nilipiga tena, ikasimama tena. Jua lilikuwa limeshaketi juu ya mashamba ya miwa. Nikasikia kamba. Baba mdogo alikuwa anafungua turubai, kimya, na kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko maneno yote ya mchana.

Niliitoa patasi, nikaitazama. Makali hayakumegeka wala kujikunja. Nikajua kosa si lake. Nikaketi chini nikanoa bila haraka, watu wote wakinitazama, kisha nikageuza mlango na kuingia kwa upande wa pili, nikilimega fundo kidogo kidogo kutoka pembeni. Lilitoka vipande. Kitasa kikaingia, kikakaa sawa na ubao kana kwamba kilizaliwa nao.

Tukauinua mlango kwenye bawaba. Baba mdogo alishuka kwenye pikapu, akaja, akajaribu kuingiza ukucha kwenye maungio. Akajaribu la pili, la tatu. Ukucha haukupata pa kuingia.

"Hm," akasema. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Jirani yangu aliokota patasi nyembamba, akaipitishia kidole gumba, akaitia mfukoni. "Nitakurudishia Jumatatu," akasema. Ni yule yule ambaye hakugusa hata moja kati ya zile nane.

Mke wangu akabeba chungu cha makaa yaliyotunzwa tangu alfajiri, akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, na kitasa kikalia mara moja, safi.

Nilishika kitasa. Kilikuwa kimefungwa kutoka ndani.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi ni watu wengi. Hapa ni kwa watu. Piga hodi."

Watu wakaangua kicheko. Nikainua mkono nikagonga mbao ambazo baba alizipasulisha bila kusema ni za nani, mara tatu, mbele ya ndugu yake.

"Hodi," nikasema.

"Mikayi, mfungulie huyo," baba mdogo akapaza sauti, akimwita mke wangu kwa jina la heshima la mke wa kwanza. "Giza linaingia, na mimi nina mlango wa kurudisha Oyugis."

"Karibu," mke wangu akasema, na mlango ukafunguka bila kugusa fremu popote.