Hesabu ya Vidonge, Walukuba

Nilipostaafu uaskari wa magereza nilidhani nimemaliza kuhesabu. Sasa kila asubuhi, hapa Walukuba, Jinja, namwaga vidonge vyangu vya kisukari kwenye sinia na kuvichuchumaza watano watano, kama wafungwa uani. Nahesabu, nameza kimoja, nahesabu waliobaki. Si wazimu. Muuguzi wa kliniki alinionya kwamba nikiruka dawa sukari itapanda, nikimeza mara mbili itashuka vibaya, na huko kupanda na kushuka, kwa mtu wa umri wangu, huitafuna kumbukumbu polepole. "Kwa hiyo mama, usisahau." Nikamwambia dawa ya kuzuia kusahau inataka mtu asiyesahau kuimeza. Hakucheka.

Saa moja asubuhi mwanangu hupiga simu kutoka Nkoma, kule Mbale, kabla hajapanda boda kwenda kufundisha.

"Afande! Hesabu ya asubuhi?"

"Ishirini na watatu, bwana. Mmoja ameachiliwa."

"Ameachiliwa kwenda wapi?"

"Tumboni."

Tunacheka, anakata. Kisha siku nzima inabaki kunikodolea macho. Mimi si mtu wa kutoka. Majirani wakiniona sokoni huuliza nani amekufa. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba kazi ya kufungia watu ilinifundisha kujifungia mwenyewe.

Basi siku moja nilimwambia mwanangu sikumbuki kama nimemeza. Nilikumbuka vizuri sana. Uchungu wa kidonge ulikuwa bado ulimini. Lakini akapiga tena mchana, akapiga na jioni, na hiyo jioni tuliongea mpaka maharagwe yangu yakaungua. Juma lililofuata nikasahau tena. Halafu tena. Mimi, ambaye miaka yote ya kazi sikuwahi kumpa mkubwa wangu hesabu ya uongo hata siku moja.

Mpaka Jumatano moja, hesabu ikapungua yenyewe. Nilirudia mara tatu. Mmoja hayupo. Nikachungulia ndani ya kikombe, nikainama chini ya meza, nikajiuliza kama nilimeza nilipoamka kisha nikameza tena baada ya chai. Nikampigia.

"Mwanangu, nadhani nimemeza mara mbili."

"Ah, Afande, na leo tena? Kengele imeshalia huku."

"Leo ni kweli."

"Juzi pia ilikuwa kweli." Alikuwa anacheka. "Nitakupigia mchana."

Sikufika mchana nikiwa mzima. Jasho lilinilowesha, nikajikuta jikoni nikilitazama kopo la sukari bila kujua linaitwaje. Nilijua tu kwamba ni la muhimu. Mkono ndio uliokumbuka: ukachota, ukatia mdomoni, ukachota tena. Mwanangu alipopiga, akili ilikuwa haijarudi yote. Nilimjibu nimesimama wima, kama ninaongea na mkuu wa zamu.

"Afande, mfungwa mmoja hayupo."

Alianza kucheka. Kisha nikamsikia akiacha.

Alifika jioni hiyo hiyo, akanipeleka kliniki, akalala kwenye kiti changu siku mbili. Nilitaka kumwambia kuhusu zile siku nyingine, za kusahau kwa makusudi. Nikamkaangia mayai badala yake.

Sasa hupiga mara tatu kwa siku. Nimeshinda, kama huo ni ushindi. Ila haniiti Afande tena. Ananiuliza leo ni siku gani, jana nilikula nini, na baada ya kila swali ananyamaza, anasikiliza, kama mimi nilivyokuwa nikitega sikio kwenye mlango wa selo.

Asubuhi ya leo nilitaka tu acheke.

"Uliza hesabu, bwana."

"Mama, umemeza?"

"Mmoja ametoroka."

Nikasikia kiti kikisukumwa.

"Natoka sasa hivi. Usimeze kitu."

"We, natania!"

"Unatania, au hukumbuki?"

Akakata kabla sijajibu, na nikipiga hapokei, yuko njiani. Kutoka Mbale ni mwendo wa saa tatu hivi, barabara ikiwa na huruma. Nimefagia. Nimeosha kikombe cha pili. Vidonge vimechuchumaa kwenye sinia, watano watano, vinamngoja. Nimehesabu mara nne. Wote wapo.