Ukurasa Aliokunja Binti Yangu

Jamani, nipo foleni hospitali.

Binti yangu wa kidato cha tatu, wiki mbili sasa hali chakula vizuri, hacheki. Nikasema hii husuda tu. Leo asubuhi nikamletea kombe kutoka kwa ustadhi wa Pongwe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani.

Akanywa lote. Kisha akanipa kitabu cha hadithi alichoazima shuleni. "Mama, soma hapa nilipokunja."

Msichana wa humo anamwambia mamake: "Sina hamu ya kuishi. Nipeleke kwa daktari."

Nikamjibu, "Hadithi tu hizi, mwanangu." Tena nikacheka!

Ndipo nikaona jina la yule msichana limekatwa kwa peni. Juu yake kaandika la kwake.

Sasa kanishika kanga, haachii. Wenzangu, nikiingia kwa daktari naanza na neno gani?